Staha kwa Mtu, Uwazi kwa Jambo: Tafsida na Kauli Bayana katika Mambo ya Umma

1. Utangulizi

Katika mjadala wa lugha ya umma hapa Afrika ya Mashariki, pande mbili zimezoea kukabiliana. Upande wa kwanza hushikilia kwamba msemaji wa hadharani, awe mwanasiasa, mwandishi wa gazeti au mtangazaji, sharti achunge maneno yake asije akamdhalilisha mtu kwa sababu ya maumbile, maradhi, jinsia au kabila lake. Upande wa pili hujibu kwamba uchungaji huo umezidi kipimo, kwamba umewafunga watu midomo, na kwamba ni desturi ya kigeni iliyopandikizwa juu ya lugha ambayo tangu hapo ilimwita kipofu kipofu na mwizi mwizi. Wa kwanza husema kwamba heshima si utumwa. Wa pili husema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Maadamu kila upande una methali yake, methali peke yake haziwezi kuamua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugomvi huo umejengwa juu ya msingi dhaifu. Staha na uwazi havina haja ya kupigana, kwa sababu havihusu kitu kimoja. Staha humhusu mtu anayetajwa. Uwazi huhusu jambo linalotajwa. Madhara hutokea pale vitu hivi viwili vinapobadilishana nafasi, yaani jambo linapofunikwa kwa kisingizio cha staha, au mtu anapovunjiwa heshima kwa kisingizio cha uwazi. Ili hoja hii ipate kupimwa, yatachunguzwa mafungu manne ya maneno yaliyotumika katika mambo ya umma: majina ya ulemavu, majina ya maradhi, majina ya rushwa, na majina ambayo wanasiasa wamewapa majirani wa kabila jingine.

2. Tafsida na fumbo katika mapokeo ya Kiswahili

Kwanza yafaa kuondoa dhana kwamba kauli ya staha ni jambo geni. Mswahili hasemi mbele ya watu kwamba mwanamke amezaa kama asemavyo juu ya mbuzi, husema amejifungua. Aendaye msalani huaga kwamba anakwenda kujisaidia. Mzee aliyekufa ameaga dunia, amefariki, au ametutoka. Maneno haya yamo katika lugha tangu zamani, na hakuna aliyeyalaumu kwamba yanaficha ukweli. Sababu yake ni nyepesi: hayafichi. Anayeambiwa kwamba mzee fulani ameaga dunia hakai barazani kumngoja arudi. Tafsida ya kweli hufikisha habari yote kwa msikilizaji. Kinachopunguzwa ni makali ya sauti, wala si kiasi cha maana.

Fumbo lina tabia nyingine. Lenyewe hukusudia kwamba baadhi ya wasikilizaji waelewe na wengine wasielewe, au kwamba wote waelewe lakini asiwepo awezaye kumshika msemaji kwa neno lake. Katika Mombasa ya karne ya 19, Muyaka bin Haji alitunga mashairi mengi ya siasa wakati wa ushindani baina ya Wamazrui wa Mombasa na Wabusaidi wa Oman, na fumbo lilikuwa mojawapo ya silaha zake. Kisa cha Abdilatif Abdalla ni cha karibu zaidi. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi cha siasa kilichoitwa Kenya: Twendapi?, chenye maneno ya wazi juu ya mwenendo wa serikali. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Humo gerezani alitunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kauli bayana ilimpeleka kizuizini. Utungo wenye mafumbo ulimletea tuzo yenye jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Kisa hiki chatoa funzo la kwanza. Maneno yaliyositirika hayawezi kuhukumiwa bila kuuliza ni nani anayesema na ni nani anayesemwa. Mnyonge anapomfumbia mwenye nguvu, fumbo ni ngao yake. Mwenye nguvu anapowafumbia wanyonge, fumbo hilohilo huwa pazia, na aghalabu nyuma ya pazia pana jambo ambalo umma una haki ya kulijua.

3. Majina ya ulemavu

Fungu hili ndilo linalotajwa zaidi na wale wanaolalamika kwamba staha imezidi. Kiswahili kina orodha ndefu ya nomino za ngeli ya KI-VI zinazotaja watu wenye upungufu wa viungo: kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo, kibogoyo. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliliona jambo hili, na tangu hapo limerudiwa na wanasarufi wengi. Kutokana nalo imezuka hoja kwamba ngeli yenyewe ndiyo yenye dharau, kwa kuwa ni ngeli ya vitu na ya udogo, na kwamba kumhamisha mtu kutoka KI-VI hadi M-WA ni kumrudishia utu wake.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wamo katika umbo la KI-VI, na hapana aliyedai kwamba wametukanwa. Zaidi ya hayo, upatanisho wa kisarufi huwatambua wote kuwa viumbe hai: husemwa kipofu yule amefika, wala hapana asemaye kipofu kile kimefika. Tena neno mlemavu, lililoletwa kuchukua nafasi ya kilema, lina mzizi uleule. Kutokana na kulemaa hupatikana mlemavu, kama vile kutokana na kupotea hupatikana mpotevu. Kilichobadilika ni kiambishi na mazoea ya matumizi. Neno kilema lilikuwa limebeba kejeli za miaka mingi. Neno mlemavu lilikuja likiwa safi. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa walemavu, neno hilo lilisikika kuwa la heshima. Leo nalo limeanza kuachiliwa, na mahali pake pamekuja watu wenye ulemavu, istilahi iliyotumika katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2010. Kama kejeli itabaki vinywani mwa watu, haitachukua muda kulifikia neno jipya pia.

Je, basi, mabadiliko haya ni bure? La hasha. Ni lazima yapimwe kwa kipimo kilicho bora kuliko upya wa neno. Chukua neno wasiojiweza, ambalo lilitumiwa sana, na bado hutumiwa, kwa nia ya upole. Halina kejeli yoyote katika sauti yake, lakini ni la uongo. Humwambia fundi cherehani aliyepooza miguu kwamba hajiwezi, ilhali ndiye anayewalisha watoto wake. Neno kiziwi, kwa upande mwingine, ni kavu, lakini ni la kweli. Viziwi wa Tanzania walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, kwa ufupi CHAVITA. Neno wanalolikataa ni bubu, maana wao si watu wasio na lugha. Lugha yao ni ya alama. Katika nchi hiyohiyo wenzao walichagua jina la Chama cha Wasioona Tanzania, wakaliacha neno kipofu. Kwa hiyo haipo kanuni ya kisarufi iwezayo kutabiri lipi litakubaliwa na lipi litakataliwa. Mwenye jina ndiye hakimu wa jina lake.

Suala la zeruzeru huonyesha uzito wa jambo hili. Neno hilo liliandamana na imani kwamba mtu wa namna hiyo hafi bali hutoweka, yaani kwamba si mtu kamili. Tangu kati ya miaka ya 2000, watu wengi wenye ualbino katika eneo la Ziwa nchini Tanzania waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya uganga. Haifai kusema kwamba neno liliua; walioua ni watu, na uchu wa mali ndio uliowasukuma. Lakini neno lililokwisha kumtoa mtu katika jamii ya watu liliirahisisha kazi ya muuaji. Badala yake wengine walileta mlemavu wa ngozi, tafsida yenye nia njema na elimu pungufu, kwa sababu ualbino ni upungufu wa rangi ya mwili unaogusa macho pia. Mtu mwenye ualbino ni kauli yenye staha na uwazi kwa pamoja. Humtanguliza mtu, na hutaja hali yake kwa jina la kitaalamu. Faida yake ilionekana katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, ambapo watu hao walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 9,729. Karani wa sensa hawezi kuuliza kwa matusi, wala hawezi kuuliza kwa mafumbo. Lazima awe na neno ambalo mwenye nyumba atalijibu bila haya, na ambalo serikali itajua maana yake itakapopanga bajeti ya mafuta ya kukinga ngozi na ya miwani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitia jambo hili katika sheria. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Yafaa ikumbukwe kwamba kifungu hichohicho kinaendelea kutaja haki ya kupata elimu, ya kufika mahali pa umma na ya kutumia vyombo vya usafiri. Jina ni haki ya kwanza katika orodha. Si orodha nzima. Afisa anayesema watu wenye ulemavu kwa ufasaha katika hotuba, kisha akajenga ofisi yenye ngazi tupu, ametimiza nusu sentensi ya sheria.

4. Majina ya maradhi

Katika habari za UKIMWI, kubadilishana nafasi kwa staha na uwazi kulileta hasara isiyosemeka. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko maradhi yaliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa wakati huo. Nchini Uganda yaliitwa silimu, kwa sababu ya kumkondesha mgonjwa. Mitaani yaliitwa ngoma, na aliyeambukizwa alisemwa kuwa amekanyaga miwaya. Katika matangazo ya vifo magazetini na redioni ilitosha kusema kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, lilikuwa hatua kubwa ya uwazi. Ni kifupisho kilichoundwa kwa Kiswahili, na kila sehemu yake inaeleweka na mtu asiyejua lugha ya kigeni. Hata hivyo, kuwa na neno hakukutosha. Nchini Kenya ilikuwa Novemba 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi alipotangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Katika miaka iliyotangulia, familia moja moja ilikuwa imesitiri aibu yake kwa maneno ya upole, na jumla ya sitara hizo ikawa upofu wa taifa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Yafaa kuangalia kwa makini kilichotendeka baadaye. Maradhi yalitajwa wazi zaidi, na wakati huohuo wagonjwa wakatajwa kwa staha zaidi. Neno mwathirika lilipungua, kwa kuwa lilimfanya mtu kuwa kitu kilichokwisha kuharibika. Likaja mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Wenye kudhani kwamba staha na uwazi ni mizani miwili, mmoja ukipanda mwingine hushuka, hawana budi kueleza jinsi ilivyowezekana vyote viwili kupanda pamoja. Maelezo yaliyo karibu ni kwamba kimoja kilisaidia kingine. Mtu asiyeogopa kutukanwa huthubutu kwenda kupimwa, na aliyepimwa huweza kusema.

5. Chai na takrima

Katika fungu la tatu hapana mnyonge wa kusitiriwa. Afisa haombi hongo. Huomba chai, au kitu kidogo. Maneno haya yana mzaha na ukarimu, na ndiyo sababu yanafaa kazi yake. Chai ni kitu anachopewa mgeni; kwa kuitumia, mwombaji hujifanya mgeni na humfanya mwananchi kuwa mwenyeji asiyeweza kukataa bila kuonekana bahili. Historia ya neno hongo lenyewe ni mkondo wa kinyume. Katika karne ya 19 hongo lilikuwa ushuru ambao misafara ya bara iliulipa kwa watawala wa nchi ilizopita, na lilitolewa hadharani. Neno la malipo ya wazi limekuwa jina la uovu, na jina la kinywaji limekuwa sitara ya uovu huohuo.

Tanzania ilitoa mfano ambao mwanafunzi wa semantiki hatauona mara nyingi, nao ni tafsida iliyopata kinga ya sheria. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, na vifungu vipya vikasema kwamba ukarimu wa kawaida au wa jadi uliotendwa na mgombea kwa nia njema hautahesabiwa kuwa hongo. Umma ukavijua vifungu hivyo kwa jina la takrima, neno lenye asili moja na ukarimu. Hapo wapiga kura wakakirimiwa vyakula, vinywaji na vitu vinginevyo, wala pasiwe na awezaye kusema mpaka wa ukarimu ni wapi. Mashirika ya kutetea haki yalifungua shauri, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, kwa kuwa vilimpendelea mgombea mwenye mali dhidi ya asiye nayo na kuudhoofisha uhuru wa uchaguzi. Kwa lugha ya makala haya, mahakama ilirudisha jambo kwenye jina lake. Neno zuri lilikuwa limechukuliwa kutoka sebuleni, ambako mwenyeji hutoa bila kudai, likapelekwa jukwaani, ambako mtoaji hungoja kura.

6. Madoadoa: uwazi wa uongo

Limebaki fungu lenye hatari kuliko yote, na ambalo watetezi wa kauli bayana hulitaja kwa fahari. Mwanasiasa hulitukana kabila la jirani, na anapokemewa hujibu kwamba yeye husema kweli waziwazi wala hajui lugha ya kubembeleza. Madai hayo yafaa kupimwa kwa neno lenyewe.

Doa ni alama ya uchafu. Madoadoa, kwa kurudufishwa, ni alama zilizotapakaa huku na huko. Katika siasa za Bonde la Ufa, tangu machafuko ya mapema miaka ya 1990, neno hili lilitumika kuwataja raia wa makabila mengine waliokaa katika eneo ambalo kabila moja lilidai kuwa lake. Pamoja nalo limesikika kwekwe. Haya si maneno ya wazi. Ni mafumbo, tena mafumbo yenye sarufi ya kutisha, kwa sababu kila nomino huja na kitenzi chake kilichozoeleka. Doa huondolewa, kwekwe hung'olewa. Msemaji hutaja nomino na kunyamaza. Wasikilizaji hujaza kitenzi. Akishtakiwa, husema kwamba alizungumzia usafi au kilimo. Lau angalisema waziwazi alichokikusudia, yaani kwamba jirani huyu afukuzwe katika shamba lake na nyumba yake ichomwe, hangalithubutu kusimama jukwaani. Kwa hiyo anayedai kusema bayana ndiye aliyejificha nyuma ya neno.

Nchini Rwanda mwaka 1994 Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende, na kuua kuliitwa gukora, yaani kufanya kazi. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio na gazeti vilivyoeneza lugha hiyo. Kenya ilionja uchungu wake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Mwaka 2008 ikapitishwa sheria iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na kuharamisha usemi wa chuki. Januari 2022, mjini Eldoret, seneta mmoja alilitumia neno madoadoa katika mkutano wa kisiasa, akakamatwa na kushtakiwa.

Aprili mwaka huohuo tume ilichapisha orodha ya maneno ya kuepukwa wakati wa kampeni, na madoadoa ni mojawapo. Nia ilikuwa njema, lakini mtaalamu wa lugha hana budi kuona upungufu wa njia hiyo. Orodha hiyo ilibeba pia hatupangwingwi, neno la mitaani lenye maana ya kukataa kupangiwa na wengine, lililokuwa kaulimbiu ya upande mmoja wa kampeni, na wafuasi wakalalamika kwamba wananyimwa sauti yao. Papo hapo, fumbo jipya halimo katika orodha yoyote siku linapozaliwa. Maana ya chuki haikai katika neno pekee; hukaa katika neno, mahali, msemaji na kitenzi kinachongojwa. Madoadoa katika maelezo ya kanga au ya ngozi ya chui ni neno lisilo na hatia.

7. Hitimisho

Mafungu haya manne yanaelekea mahali pamoja. Katika majina ya ulemavu, staha ilifaa pale ilipokuwa ya kweli na ilipochaguliwa na wenyewe. Katika majina ya maradhi, kulisitiri jambo kuliwaangamiza watu, na kumsitiri mtu kukawaokoa. Katika takrima, neno la heshima lilimkinga mwenye mali. Katika madoadoa, tusi lilijiita ukweli ilhali ni fumbo. Maswali mawili yatosha kuyapima yote. La kwanza: je, msikilizaji amebaki na habari kamili ya jambo? La pili: je, anayetajwa amebaki na utu wake? Kauli inayojibu ndiyo kwa yote mawili haina haja ya kutetewa kwa methali.

Wajibu wa wanalugha hapa si mdogo. Kamusi nyingi za Kiswahili huorodhesha maneno ya aina hii pasipo kumwonya msomaji ni lipi la kejeli, lipi limepitwa na wakati, na lipi limechaguliwa na wahusika wenyewe. Mwalimu wa sekondari anayefundisha ngeli ya KI-VI hana mahali pa kupata habari hizo, naye anasimama mbele ya darasa ambamo huenda ameketi mtoto asiyeona. Kitomeo chenye alama ya matumizi, na fasili ya chai inayosema hongo bila kigugumizi, vingemsaidia mwalimu huyo, mtoto huyo, na raia anayesimamishwa barabarani usiku na kuambiwa kwamba afisa ana kiu.